Steringi Hafi

Juzi usiku, muda mfupi baada ya tarawehe, mjomba alinipigia simu kutoka Tanga. Nilishtuka. Mjomba ni mtu wa kubipu: yeye anabipu, wewe unapiga, na ndivyo tulivyoishi tangu anunue simu. Akipiga mwenyewe ujue kuna msiba.

"Shikamoo mjomba. Kwema?"

"Marahaba mjomba, kwema. Hivi ni kweli Van Damme kawa adui?"

(Kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba. Msomaji usichanganyikiwe.)

Nikamwambia ni kweli. Akanyamaza kidogo, nikasikia watoto wanacheza nyuma yake. Halafu akasema: "Sasa mjomba, kama Stallone ni steringi, na Van Damme naye ni steringi, atakufa nani?"

Nimesoma habari nyingi kuhusu filamu hii kwa muda wa miezi sita. Nimesoma bajeti, umri wa waigizaji, nani kagombana na nani. Sijamwona mhakiki hata mmoja aliyeuliza swali la mjomba, na kwangu mimi ndilo swali lenyewe.

Filamu ni The Expendables 2. Inaanza kuonyeshwa Marekani Ijumaa ya tarehe 17 mwezi huu wa Agosti 2012. Ile ya kwanza, ya 2010, Sylvester Stallone aliiongoza mwenyewe na kuigiza pia. Hii kamwachia Simon West kazi ya kuongoza, yeye kabaki na bunduki. Ana miaka 66. Arnold Schwarzenegger, ambaye katoka kwenye ugavana wa California mwanzoni mwa mwaka jana, ana 65. Bruce Willis 57. Dolph Lundgren, yule "Mrusi" wa Rocky IV ambaye kumbe ni Msweden, ana 54. Yumo Jet Li, yumo Jason Statham, wamo Terry Crews na Randy Couture. Chuck Norris, miaka 72, katolewa huko alikokuwa amepumzika. Na upande wa pili wa mtutu yupo Jean-Claude Van Damme, 51, akicheza adui.

Ukimsomea kijana wa leo majina hayo atakuona unamsomea orodha ya wazee wa kiinua mgongo. Kwa sisi tuliokulia mbele ya deki, ni kama kuambiwa timu yako ya utotoni inarudi uwanjani yote, mpaka wale uliodhani walishazikwa.

Kibanda chetu kilikuwa Ngamiani. Nazungumzia mwaka 1989, nikiwa na miaka kumi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Cha kwanza kilikuja 1994, wakati wenzetu Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya sabini. Sisi tulikuwa na deki ya mtu mmoja, TV moja juu ya meza iliyotundikwa kwa minyororo ili isiibwe, mabenchi ya wakubwa na mkeka mbele kwa watoto. Madirisha yalizibwa kwa magunia. Mle ndani joto lilikuwa la kuokea mikate. Nje palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki: LEO LEO! KOMANDO. ANODI. KUPIGANA MWANZO MWISHO.

Sheria za kibanda hakuna aliyetufundisha, kila mtu alizikuta. Ya kwanza na kubwa: steringi hafi. Akipigwa risasi ni ya bega. Ya pili: rafiki wa steringi anakufa, hasa akionyesha picha ya mchumba wake. Akishatoa tu ile picha mfukoni, mkeka mzima ulikuwa unasema "inna lillahi." Ya tatu: adui mkubwa anakufa wa mwisho, na anakufa vibaya. Tuliweka dau la karanga kwa kutumia sheria hizo, na hazikuwahi kutuangusha.

Ndiyo maana nasema swali la mjomba ni zito. Filamu yenye steringi mmoja unaijua hesabu yake kabla hujakaa. Ukiweka masteringi kumi kwenye ngalawa moja, hesabu inavurugika. Utamu wa kuisubiri filamu hii uko hapo hapo: watu wazima tulioacha zamani kuamini lolote kwenye sinema tumerudishwa mkekani, hatujui nani atatoka salama.

Mjomba ndiye aliyenipeleka kibandani. Mama hakutaka, alisema kule ni kwa wahuni. Mjomba alikuwa mlinzi wa usiku mahali pa kulaza magari, kwa hiyo mchana wa Jumamosi alikuwa huru, na mama hakuweza kumkatalia kaka yake. Kiingereza hakujua, lakini alitutafsiria filamu nzima. Siku hizi kila mtu anawajua wasimulizi wa video, Lufufu wa hapa Tanzania, DJ Afro wa Kenya, VJ Jingo wa Kampala. Sisi tulikuwa na mjomba, bila kipaza sauti. Alikaa benchi la mbele, miguu yake ikigusa migongo yetu, akatueleza nani ni nani.

Kwenye Commando alituambia yule Bennett mwenye masharubu alifukuzwa kazi, na aliyemfukuzisha ni Anodi, sasa karudi na kinyongo. Nilikuja kuiona filamu hiyo chuoni, nikiwa nimeshakijua Kiingereza, nikakuta mjomba alipatia. Nilimuuliza alijuaje. Akasema: "Mtu anayekuchukia vile lazima mlifanya kazi pamoja."

Kitu kimoja hakikumpendeza kwenye filamu hizo. Alikuwa anasema hawatembei. Stallone yuko hapa, mara yuko kule, mara kavuka mto, na viatu viko vile vile. Mjomba alikwenda vita vya Kagera. Mwishoni mwa 1978 alichukuliwa kutoka mgambo, akitokea shamba la mkonge, na alikuwa upande wa pili wa mpaka wakati Kampala ilipoanguka, Aprili 1979. Nimemhoji mara nyingi kwa miaka, kama mpwa na kama mwandishi, na anachonipa ni kile kile: tulitembea. Mvua ilinyesha, tulitembea. Viatu vilichanika, tulitembea. Aliporudi aliingia tena kwenye mkonge, na mkonge wenyewe ukaanza kufa. Nchi iliyokuwa ikizalisha zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka wakati wa uhuru ikabaki na mashamba yaliyoota vichaka. Walipunguzwa. Akawa mlinzi.

Sasa sikilizeni jambo la First Blood, ile Rambo ya kwanza ya mwaka 1982. Mwenye kibanda alikuwa na tabia ya kuzima mkanda risasi zikiisha. Kwa nini apoteze umeme watu wakiongea? Kundi la pili liko nje linasubiri. Kwa hiyo mimi niliiona First Blood labda mara tano utotoni, na mara zote iliishia mji unawaka moto na Rambo kashika bunduki. Nilikua nikiamini hivyo ndivyo inavyokwisha.

Mwaka 2003, nikiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenzangu wa chumbani alikodi CD yake. Risasi zikaisha, nikanyanyuka kwenda kuoga. Akaniambia kaa, haijaisha. Nikakaa. Nikamwona Rambo kakaa chini ukutani analia mbele ya kanali wake. Analia kama mtoto. Anasimulia rafiki aliyemfia mikononi kwa bomu. Analalamika kwamba kule vitani alikabidhiwa mitambo ya mamilioni, na huku nyumbani hapewi hata kazi ya kuegesha magari.

Kazi ya kuegesha magari! Nilimfikiria mjomba kwenye kiti chake cha plastiki, rungu mapajani, anayalinda magari ya watu. Baadaye nilitafuta riwaya ya David Morrell ya 1972 ambayo filamu ilitokana nayo, nikakuta humo Rambo anakufa. Steringi anakufa! Sikumwambia mjomba hilo kwa miaka mingi. Niliona kama ni kumletea habari ya msiba.

Basi, tuje 2010.

Ile Expendables ya kwanza ilipotangazwa nilimwahidi mjomba nitamleta Dar tukaione Mlimani City, kwenye kiti cha sofa, na kiyoyozi. Hajawahi kuingia jumba la sinema tangu yale ya zamani ya Tanga yalipofungwa. Tulipanga siku. Akaomba ruhusa kazini siku tatu. Mimi nilitakiwa kumtumia nauli kwa simu alfajiri ile, akate tiketi pale pale stendi.

Ilikuwa msimu wa kampeni za uchaguzi mkuu. Jana yake jioni mhariri akanituma kwenye msafara wa mgombea, mikoa ya kati. Nikaondoka. Nitasema ukweli: nilisahau. Mtandao nao haukuwepo kule tulikolala, lakini kabla ya mtandao kupotea nilikuwa na saa nzima mkononi ya kutuma ile nauli, na sikukumbuka. Mjomba alikaa stendi tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne, na nguo zake kwenye mfuko wa rambo, akiitazama simu. Saa nne akarudi nyumbani kwa miguu. Nilipompigia siku ya pili yake alisema, "Kazi kwanza, mjomba." Hakuongeza neno.

Wiki chache baadaye, nyumba ya wageni Singida, dereva wetu alikuwa na CD ya kuchoma ya filamu ile ile. Imerekodiwa ndani ya ukumbi. Vichwa vya watazamaji vinapita mbele ya Stallone. Niliitazama peke yangu kwenye laptopu, kwa spika za kusikilizia kwa sikio moja. Na mjomba aliponiuliza, "Umeshaiona?" nikajibu, "Bado, nakungoja wewe."

Uongo mdogo. Lakini nimeubeba miaka miwili.

Tangu hapo najaribu pia kutafuta Kiswahili cha jina la filamu hiyo. Mhariri mmoja aliandika "Wasiohitajika," ambayo si kweli, maana wanahitajika sana mpaka kazi iishe. "Makafara" inakaribia, lakini kafara hutolewa kwa heshima, na hawa hawasomewi hata dua. Maana yenyewe ni watu ambao ukiwapoteza huhesabu hasara. Unawatumia, unawatupa. Nilimweleza mjomba hivyo hivyo Idi moja, akacheka na kuninyooshea mfuko alioletea maandazi. "Si rambo hii?"

Sijui nani aliyeipa mifuko ya plastiki jina la Rambo katika nchi hii, na sidhani alikusudia lolote. Lakini kila nikipita jalalani sasa naiona ile mifuko imenasa kwenye miiba, na namkumbuka Stallone kwenye ukuta ule, analia.

Na si lazima nizungumzie majalala. Oktoba mwaka jana, filamu hii tunayoisubiri ikirekodiwa Bulgaria, kulitokea ajali ya mlipuko. Mtu mmoja wa zile kazi za hatari zinazofanywa kwa niaba ya mastaa alikufa, mwenzake akaumia vibaya. Kwenye bango hayumo. Sheria ya kibanda ilitimia hata nje ya kioo: steringi hafi. Nimejiuliza kama ni haki kuendelea kuisubiri kwa furaha namna hii baada ya kulijua hilo. Sijapata jibu zaidi ya kulisema hapa, ili tutakaoingia ukumbini tuingie tukijua kuna mtu alilipa kiingilio kikubwa kuliko chetu.

Niseme pia kwamba Expendables ya kwanza, kama filamu, si nzuri sana. Imekatwakatwa, nusu ya ngumi huoni nani kampiga nani. Lakini kuna mahali Mickey Rourke, anayecheza mchora chale aliyeacha vita, anakaa na kumsimulia Stallone habari ya Bosnia. Alimwona mwanamke kasimama juu ya daraja, akajua anataka kujirusha, akageuka akaondoka zake. Anachora huku anaongea, na machozi yanamtoka. Hakuna risasi. Mwenye kibanda chetu angepeleka mkanda mbele. Kwangu mimi zile dakika chache ndizo filamu yenyewe, na ndizo zinazonifanya niisubiri ya pili: natumaini kati ya mlipuko na mlipuko kuna mzee mmoja atakaa chini aseme kitu.

Mwaka huu mwanzoni mjomba alianza kujigonga kwenye milango. Alipopelekwa hospitali wakakuta ni presha ya macho, na imekaa muda mrefu. Kapewa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Pembeni haoni kitu. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Kazini walimshukuru. Mlinzi asiyeona pembeni ni mlinzi gani?

Kwa hiyo msomaji ukiniona nahesabu siku kama mtoto anayengoja Idi, elewa. Safari hii nahesabu kwa kalenda mbili. Tarehe 17 inaangukia mwisho mwisho wa Ramadhani, na mjomba kasema hawezi kukaa kwenye sinema na swaumu yake akitazama watu wanauana. Mwezi ukiandama na Idi ikipita, atapanda basi. Kutoka Tanga kupitia Segera na Chalinze ni saa sita hivi, nitampokea Ubungo, na kutoka Ubungo hadi Mlimani City ni pua na mdomo.

Juzi kwenye simu tulizungumzia viti. Yeye anataka mbele, kama enzi za kibandani. Nikamweleza kwamba kwa macho yake mbele ni kubaya. Ukikaa karibu bomba lako litaona pua ya Stallone tu. Ukikaa nyuma kabisa kioo kinakuwa kidogo, chote kinaingia. Akafikiri.

"Na zile herufi za chini?"

"Hakutakuwa na herufi mjomba. Ni Kiingereza kitupu."

"Nani atanitafsiria?"

"Mimi."

"Wewe utapunguza," akasema. "Wewe mwandishi."

Halafu nikaona hapa ndipo pa kulitoa. Nikamwambia: mjomba, ile ya kwanza niliiona. Niliiona Singida, mwaka ule ule, nikakudanganya.

"Najua," akasema. "Idi ile ulinisimulia habari ya mwanamke wa darajani. Ungeijuaje?"

Sikuwa na la kusema. Yeye ndiye aliyeendelea, kwa sauti ile ile aliyotumia kutueleza nani ni nani.

"Usijali macho yangu. Mbona Van Damme kwenye Bloodsport alipakwa unga machoni na akapiga vile vile?"

"Alikuwa steringi, mjomba."

"Ndiyo maana nakuuliza sasa hivi kawa adui kwa sababu gani."

Tukacheka wote. Kabla hajakata akaniambia jambo moja tu kuhusu 2010, la kwanza na nadhani la mwisho: "Safari hii nauli itume mapema."

Nimeituma leo asubuhi kabla ya kukaa kuandika haya, wiki mbili na zaidi kabla ya safari. Nitakata tiketi mbili, mstari wa mwisho kabisa, katikati. CD ya kuchoma sitaigusa, hata dereva akiniletea mlangoni. Saa sita mchana ulikuja ujumbe, umeandikwa na mtoto wa jirani maana mjomba sasa haoni herufi za simu vizuri:

"Nauli nimepata. Mjomba anauliza Chaki Norisi bado ana ndevu?"

Nikajibu anazo.